Usiku wa Mtoto Huanzia Jioni

Mama mwenye mtoto wa miaka minne anayeamka mara tatu kila usiku hakosi washauri. Jirani atamwambia ni minyoo. Mama mkwe atasema mtoto kapatwa na kijicho, apelekwe akasomewe. Mwenzake kazini atamnong'oneza ampe piritoni kidogo, watalala wote. Na akifungua simu yake atamkuta mtaalamu wa Ulaya anayemwagiza amwache mtoto alie chumbani kwake mpaka azoee, ilhali mtoto huyo hana chumba chake; analala na dada zake wawili, au kitanda kimoja na mama. Washauri wote wamejibu, ila kila mmoja amejibu swali lake. Kuna mtoto anayeamka kwa sababu mwili unamsumbua. Kuna anayeamka kwa hofu. Kuna anayepiga mayowe huku bado amelala. Na wapo wengine, ambao kwa hakika ndio wengi, wanaoamka kama tunavyoamka sote, ila hawajui kurudi usingizini bila mtu mzima. Nitaanza na hawa wengi, kwa kuwa ndio wanaochapwa bure na kupewa dawa bure.

Hakuna binadamu anayelala moja kwa moja mpaka asubuhi. Usingizi huenda kwa mizunguko: tunazama katika usingizi mzito, tunapanda katika usingizi wa ndoto, kisha tunaibuka kidogo kabla ya kuzama tena. Kwa mtu mzima mzunguko mmoja huchukua kama dakika 90. Kwa mtoto mdogo ni mfupi zaidi, kama saa moja. Kila mzunguko unapokwisha mtu huamka nusu, hugeuka, huvuta shuka, hulala tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Mtoto anayesifiwa kwamba analala fofofo naye huamka hivyo hivyo, sema mama yake hajui. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: mtoto huyu akishaamka, anahitaji nini ili alale tena?

Jibu lake hupatikana jioni, pale usingizi ulipomchukua. Chukua nyumba ya kawaida ya mjini. Mtoto anakula, anakaa sebuleni na wakubwa, runinga inaonyesha tamthilia, taa inawaka, watu wanaongea, na yeye amejilaza mapajani mwa mama. Usingizi unamchukua hapo hapo saa 4 usiku. Baba anambeba, anamwingiza ndani ya chandarua, anazima taa. Saa 7 usiku mtoto anaibuka kidogo, kama ilivyo ada ya usingizi. Taa hakuna, sauti hakuna, mapaja ya mama hayapo, na mahali penyewe sipo alipolala. Mtu mzima akihamishwa namna hiyo ataruka kitandani na kuuliza yuko wapi. Mtoto naye analia, na hapo hapaswi kulaumiwa.

Hili ndilo wataalamu wa usingizi wa watoto walilolishikilia kwa miaka mingi. Aliyelieneza kuliko wote ni daktari Richard Ferber wa hospitali ya watoto ya Boston, kwa kitabu chake cha mwaka 1985, Solve Your Child's Sleep Problems: mtoto hujifunza kulala katika mazingira fulani, na akiamka usiku huyataka mazingira yale yale. Aliyezoea kubembelezwa atataka kubembelezwa, aliyezoea chupa atataka chupa. Mpaka hapo maelezo yake yanafaa kokote, Boston au Tandika. Ugomvi ulikuja kwenye tiba. Wazazi wengi walikielewa kitabu hicho kuwa kinaamuru mtoto awekwe chumba cha peke yake na aachwe alie kwa muda unaoongezeka kila usiku. Ferber mwenyewe, katika toleo jipya la mwaka 2006, alilegeza msimamo wake kuhusu watoto wanaolala na wazazi.

Alikuwa na sababu ya kulegeza. Sehemu kubwa ya dunia haijawahi kumlaza mtoto mdogo peke yake. Mwaka 1992 Gilda Morelli na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha akina mama wa Kimaya wa Guatemala na akina mama wa tabaka la kati wa Marekani. Wamaya walilala na watoto wao na hawakuwa na ratiba ndefu ya kumlaza mtoto. Walipoelezwa jinsi watoto wa Marekani wanavyolazwa chumba cha peke yao, walishangaa na kuwaonea huruma. Bibi yeyote wa Tanga au Kigoma angeshangaa vivyo hivyo. Kwetu mtoto akiachishwa ziwa hulala na bibi, au na kaka zake kwenye kitanda cha futi tano, na wengi wa waliokua hivyo wamelala vizuri maisha yao yote. Kwa umri tunaouzungumzia, miaka mitatu hadi sita, zile hatari za kumlalia mtoto mchanga zimeshapita. Familia inayopenda kulala pamoja na mtoto, na wote wanapata usingizi, haina tatizo la kutibu.

Tatizo huanza pale mpango unapobadilika katikati ya usiku. Mtoto analazwa kwa dada yake, saa 8 anahamia kwa mama, saa 10 baba anamrudisha, kesho anaachwa. Mahali popote panafaa, mradi pale alipolala jioni ndipo atakapojikuta saa 9 usiku. Kama mama atakuwa naye kitandani usiku kucha, basi na jioni alale naye hapo. Kama atalala na dada zake, basi usingizi umchukue akiwa na dada zake, ndani ya chandarua kile kile, taa ikiwa katika hali ile ile itakayobaki mpaka asubuhi. Ushauri huu hauhitaji nyumba ya vyumba vinne, na sijaona ushauri mwingine unaobadilisha usiku wa familia haraka kama huu.

Jioni yenyewe ina mambo yake. La kwanza ni mwanga. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder waliwachukua watoto 10 wa miaka mitatu hadi mitano, wakawaweka kucheza kwenye meza yenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya muda wao wa kulala. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umefika, ilishuka kwa karibu asilimia 88, na dakika 50 baada ya mwanga kuzimwa ilikuwa bado haijarudi ilipopaswa kuwa. Watoto 10 ni wachache na meza ile ilikuwa na mwanga mkali kuliko simu. Hata hivyo, macho ya mtoto hupitisha mwanga mwingi kuliko yetu, na simu ya katuni hushikwa karibu kabisa na uso. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilipendekeza mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Hiyo saa moja, kama lazima iwepo, iwe mchana.

Tulioko karibu na ikweta tuna neema ambayo hatuihesabu. Dar es Salaam au Mombasa, giza huingia kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima. Ndugu zetu walioko Oslo wanamlaza mtoto mwezi Juni wakati jua linazama baada ya saa 4 usiku, na inawabidi watundike mapazia mazito. Sisi giza linatujia lenyewe kwa wakati, halafu tunalifukuza kwa taa za sebuleni na skrini mpaka saa 4.

La pili ni chai. Katika nyumba nyingi za Waswahili mtoto hunywa chai asubuhi na jioni kama wakubwa, ya rangi au ya maziwa, na hakuna anayewaza kwamba majani yale yana kafeini. Yanayo, kama soda za kola zilivyo nayo, na mwili wa kilo 15 huihisi kuliko wa kilo 70. Chai ya jioni ya mtoto iwe ya mchaichai, au maziwa matupu, au uji. La tatu ni chakula: ugali wa saa 3 usiku ukifuatwa na kitanda saa 3 na nusu humpa mtoto tumbo zito na kibofu kilichojaa. Na katika mwezi wa Ramadhani, nyumba inayoamka kwa daku itegemee kwamba mtoto naye ataamka. Hilo ni la mwezi mmoja, mradi ratiba ya zamani irudishwe mara baada ya Idi.

Usingizi wa mchana haupaswi kuuawa mapema. Mtoto wa miaka mitatu bado anauhitaji. Wengi huuacha wenyewe kati ya miaka mitatu na mitano. Kinachoharibu usiku ni ule unaoanza saa 10 alasiri na kumalizika magharibi.

Sasa nije kwenye hofu, kwa sababu hapa ndipo mila zetu, nzuri na mbaya, zinapoingia chumbani. Lazima kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Lipo la ndoto mbaya: mtoto huamka kweli, mara nyingi katika sehemu ya mwisho ya usiku ambapo usingizi wa ndoto ni mwingi, analia, anakutambua, anataka kushikwa, anaweza kukueleza alichokiona, na anaogopa kulala tena. Huyo mshike na umtulize. Lipo lingine, ambalo huja mapema, saa moja hadi tatu baada ya kulala. Mtoto anaketi ghafla, anapiga mayowe, macho yako wazi, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, anakusukuma kama hakujui. Anaweweseka, na bado yuko katika usingizi mzito. Baada ya dakika kadhaa anajilaza, na asubuhi hakumbuki hata chembe. Anayeteseka hapo ni mzazi anayeangalia.

Kwa huyu wa pili, kumtikisa na kumwagia maji kunarefusha tu hali hiyo. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, kaa karibu, subiri. Hali hii mara nyingi hurithiwa, huchochewa na homa, uchovu na kibofu kilichojaa, na wengi huiacha wakikua. Kama inamjia kila usiku kwa saa ile ile, mwamshe kwa upole robo saa hadi nusu saa kabla ya wakati wake, kwa wiki kadhaa. Mara nyingi mayowe hukatika.

Mtu akiyaona mayowe yale kwa mara ya kwanza usiku wa manane, si ajabu akafikiri shetani kaingia. Pwani yetu ina historia ndefu ya kulielewa hivyo tukio la ghafla kwa mtoto. Utafiti uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulieleza jinsi degedege ilivyokuwa ikipelekwa kwa waganga kwanza, huku malaria kali ikiendelea kumla mtoto. Ndiyo maana nasisitiza tofauti: anayeweweseka hana homa kali, viungo vyake havikakamai wala kurukaruka kwa mpigo, na tukio likiisha analala kawaida. Mtoto mwenye homa na degedege apelekwe hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo yule anayepata vituko vifupi vinavyofanana kabisa kila mara, mdomo ukienda upande au mkono ukirukaruka, hata bila homa. Huenda ni kifafa, nacho kina dawa. Mpige picha ya video kwa simu, umwonyeshe daktari. Dakika moja ya video ina faida kuliko maelezo ya nusu saa.

Dua na sala za kulala sina neno baya nazo, nazitetea. Mtoto anayesoma dua yake kila usiku na mama, kwa maneno yale yale, kwa sauti ya chini, anapata kile ambacho wataalamu wanakiita utaratibu wa kulala, na anakipata pamoja na imani ya nyumba yake. Mwaka 2009 Jodi Mindell na wenzake walionyesha kwamba utaratibu rahisi wa jioni, unaorudiwa kwa mpangilio ule ule, ulipunguza kuamka usiku kwa watoto wadogo ndani ya wiki chache. Kuoga, kupakwa mafuta, hadithi moja, dua, kitanda. Bibi zetu walikuwa na hadithi za sungura na fisi ambazo ziliishia mtoto akisinzia, na nyumba nyingi zimezitupa kwa ajili ya runinga. Zirudishwe.

Ninachokipinga ni vitisho. Lala, zimwi linakuja. Nyamaza, nitakuitia mumiani. Mtoto wa miaka minne hana ukuta kati ya kilichosemwa na kilichopo. Umri huo ndio ambao kuwaza kwake kunachanua, na unapomwambia kuna kitu dirishani, kipo. Wakubwa wenyewe hatujapona: mwaka 1995 Pemba na Unguja, watu wazima walikesha nje ya nyumba zao kwa kuogopa shetani waliyemwita popobawa. Mtoto aliyelala katikati ya mazungumzo ya namna hiyo atapataje usingizi? Mazungumzo ya wachawi, ajali na misiba yangoje mpaka watoto walale, tena yasifanyike kwa sauti ya kupenya mlango.

Mtoto ambaye tayari anaogopa asichekwe. Watafiti wa Israeli, Avi Sadeh na wenzake, waliwapa watoto wenye hofu za usiku mbwa wa kitambaa na kuwaomba wamtunze kwa sababu ana huzuni. Hofu za watoto zilipungua. Nyumbani kwetu mtoto anaweza kukabidhiwa mwanasesere wa vitenge aliyeshonwa na shangazi, aambiwe kwamba yeye ndiye mlinzi wake. Mtoto anayelinda mwenzake anasahau kuogopa. Taa ndogo hafifu nayo hairuhusu giza kumtawala, mradi iwake tangu jioni mpaka asubuhi.

Mwili nao una kesi yake, na jirani wa minyoo hakukosea kabisa. Ipo minyoo midogo, mithili ya vipande vya uzi mweupe, ambayo jike lake hutoka usiku na kutaga mayai kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa. Mtoto anawashwa, anajikuna, anaamka. Mwangalie kwa tochi akiwa amelala. Dawa ni nyepesi, mara nyingi albendazole, inayorudiwa baada ya wiki mbili, lakini ni lazima wote nyumbani wanywe, kucha zikatwe na mashuka yafuliwe, la sivyo mayai yanarudi. Upele nao huwasha zaidi usiku, na nao hutibiwa kwa nyumba nzima kwa mpigo mmoja. Kumtibu mtoto mmoja kati ya wanne wanaolala kitanda kimoja ni kupoteza dawa.

Linalosahaulika zaidi ni kukoroma. Tunacheka mtoto anapokoroma kama babu yake, na tusicheke. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, shingo kaikunja nyuma, mara pumzi inakatika kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, huenda ana nyama za puani zilizovimba au tonsesi kubwa. Huamka mara nyingi kwa sababu hewa haipiti. Mchana anakuwa mkorofi, hasikii, hatulii, na walimu wanamwita mtundu. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Baadhi ya watoto hawa hutibiwa kwa dawa, wengine kwa upasuaji unaofanyika katika hospitali za rufaa na hospitali nyingi kubwa, na wazazi wengi husema mtoto amekuwa mwingine.

Kikohozi cha usiku na mlio kifuani kinaweza kuwa pumu. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili chenye jasho la usiku na kukonda kipimwe kifua kikuu. Mtoto anayeamka kunywa maji mengi na kukojoa kila mara apimwe sukari siku hiyo hiyo. Anayeamka na maumivu ya kichwa na kutapika asubuhi asingoje. Anayerusha miguu usiku kucha na kulalamika kwamba miguu inamtambaa, mpime damu na madini ya chuma: tafiti za taifa za afya Tanzania zimekuta zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Lakini usimpe vidonge vya kuongeza damu kwa kukisia. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa anahitaji kipimo cha selimundu kwanza. Kukojoa kitandani kabla ya miaka mitano wala hakuhesabiwi kuwa ugonjwa, na kumwaibisha mtoto kikojozi mbele ya wenzake kunamwongezea hofu ya kulala.

Halafu kuna huzuni, ambayo haina kipimo. Amezaliwa mdogo wake, naye ametolewa kitanda cha mama wiki ile ile. Dada wa kazi aliyemlea miaka miwili ameondoka alfajiri bila kuaga. Mama amekwenda Oman kutafuta riziki, na mtoto yuko kwa bibi Tanga. Kila usiku anaamka kuhakikisha kwamba bibi naye hajaondoka. Huyu hana tabia mbaya ya kurekebishwa. Anahitaji kuambiwa ukweli kwa maneno anayoyaweza, kusikia sauti ya mama kwa saa inayojulikana, tena mapema jioni na siyo dakika ya kulala, na bibi asiyechoka kumwambia: nipo, mjukuu wangu, nipo.

Na lipo jambo zito ambalo mzazi hataki kuliwaza. Mtoto aliyekuwa akilala vizuri, ghafla anaanza kuamka akilia, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, anamwogopa mtu fulani au chumba fulani, hataki kuvuliwa nguo. Inaweza kuwa ni mengine, lakini inaweza kuwa anadhuriwa. Msikilize bila kumtisha, mpeleke hospitali, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya pia.

Tuseme hayo yote umeyatazama na mtoto ni mzima. Amebaki yule wa mwanzo, anayeamka na kukuhitaji wewe. Njia ya kumwacha alie haifai katika nyumba ya kupanga ambapo vyumba sita vinatenganishwa na ukuta wa tofali moja. Majirani watagonga mlango, nawe utasalimu amri saa 9 usiku. Kusalimu amri huko ndiko kunakoharibu zaidi: mtoto aliyelia dakika 40 kisha akapata alichotaka amejifunza kwamba dakika 40 ndiyo bei. Ni bora umpe mara moja, au usimpe kabisa, kuliko kumpa baada ya vita.

Kwa hiyo ondoka polepole. Usiku wa kwanza lala naye. Baada ya usiku kadhaa keti kando ya kitanda, mkono begani mwake. Kisha keti bila kumgusa. Kisha keti mlangoni. Akiamka usiku, rudi mahali ulipokuwa jioni hiyo, useme sentensi moja tu, ile ile kila mara, bila taa, bila simu, bila hadithi mpya. Mtoto wa umri huu anaelewa makubaliano, kwa hiyo kaa naye mchana, siyo usiku, mpatane. Mwaka 1999 Patrick Friman na wenzake huko Marekani walijaribu kitu rahisi: mtoto anapewa kadi moja kila usiku, ya kuomba jambo moja baada ya kulazwa, maji au kukumbatiwa. Akishaitumia, imekwisha. Kipande cha boksi kinatosha kuwa kadi. Asubuhi msifu mbele ya baba na bibi. Tegemea kwamba siku za mwanzo kelele zitaongezeka kabla ya kupungua. Wengi huacha njia hapo hapo wakidhani imeshindikana.

Baba naye aingie zamu. Mama anayeamka peke yake kila usiku kwa mwaka mzima, kisha anasonga ugali, anauza duka na kulea mchanga, anaugua kimya kimya. Zaidi ya hayo, mtoto anayejua kwamba usiku atakuja baba, naye atasema sentensi ile ile, huacha upesi kuita.

Dawa nimeziacha makusudi mpaka hapa. Zile za mafua na mzio ambazo mitaani huitwa zote piritoni zinasinzisha kwa sababu zinatuliza ubongo, na zikizidi zinaweza kutuliza pumzi pia. Uingereza, tangu 2009, dawa za dukani za kikohozi na mafua zenye viambato vya namna hiyo hazitakiwi kupewa watoto wa chini ya miaka sita. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walikufa katika tukio lililohusishwa na dawa za maji zilizochafuliwa kwa kemikali za sumu. Mtoto mzima wa mwili asipewe dawa ya chupa ili wakubwa walale. Melatonini, ambayo Marekani inauzwa dukani kama peremende, Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari. Jamaa wa ughaibuni wanaotuma vifurushi wajue hivyo.

Limebaki jambo moja lisilo mikononi mwa mzazi peke yake, nalo ni saa. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, ukijumlisha na wa mchana. Basi la shule Dar es Salaam au Nairobi linapita saa 11 na nusu alfajiri, kwa hiyo mtoto anaamshwa saa 11. Ukirudi nyuma saa 10 unafika saa 1 usiku. Kama shuleni analazwa mchana kwa muda wa saa moja na nusu, bado anapaswa kuwa amelala saa 2 na nusu. Saa hiyo mama aliyetoka Kariakoo kwenda Chanika yuko kwenye foleni, au ndio kwanza anabandika sufuria. Mtoto anangoja kumwona mama, anakula saa 3, analala saa 4, anaamshwa saa 11. Mtoto aliyechoka kupita kiasi halali kwa utulivu kama tunavyodhani. Mwili wake umejaa homoni za kumweka macho, analala kwa shida na kuibuka mara nyingi zaidi. Jumamosi analala mpaka saa 3 asubuhi, na Jumapili usiku hasinzii. Mzazi anajilaumu, au anamlaumu mtoto, kwa jambo lililopangwa na ratiba ya gari.

Nyumbani, jitahidini mtoto ale mapema na dada au bibi, mama akifika akute muda wa hadithi badala ya muda wa chakula, na saa ya kuamka isipishane sana wikiendi. Lakini wamiliki wa shule za chekechea na kamati za wazazi wana kazi yao pia. Mtoto wa miaka minne hana mtihani wa kumfanya awe barabarani kabla ya jua kuchomoza. Wazazi wa darasa moja wakikaa pamoja wanaweza kudai basi la watoto wadogo liondoke saa 1 asubuhi, na masomo yao yaanze saa 2 na nusu. Daini hilo kwenye kikao kijacho.